Mwaka wa Diski ya Mfupa

Nilikwenda Tarasaa kumzika Mwalimu Jilo nikiwa nimejiandaa kulia, na kweli nililia, mpaka Hawo alipoingia uani. Hapo machozi yakakatika. Sikuwa nimemwona tangu tukiwa darasa la tano, lakini shingo ile ningeitambua popote, ndefu, imenyooka, ya mtu asiye na haraka na mtu. Alivaa dera la zambarau na mtandio mweusi, akawapa mkono wafiwa mmoja mmoja, akawapa pole kwa Kiswahili cha Kipini, kile laini cha watu waliozaliwa nacho. Sasa huyu hakuzaliwa nacho. Mimi najua alikuja kwetu na maneno mangapi ya Kiswahili, maana niliyahesabu. Na mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili, ndicho kinachonilisha, nacho hakijawahi kutoka mdomoni mwangu kizuri namna ile. Nikainamia kikombe changu cha chai nikijifanya natoa nzi. Kuna kitu kikanipanda, nikakijua mara moja, kwa sababu mwaka wa tisini na nane niliishi nacho kila siku ya shule. Ulikuwa wivu, na mtu mzima mwenye mtoto chuoni hapaswi kuuona wivu matangani, lakini nisidanganye, niliuona.

Mwaka ule ulianza na matope. Maji ya El Nino yalikuwa yamekaa darasani mwetu hapo Garsen wiki nyingi, na yalipoondoka yaliacha mstari wa rangi ya kahawa kuzunguka kuta zote, kimo cha kiuno changu. Madawati yalivimba, droo zikagoma kufunguka. Kila kilichokuwa ukutani kiliyeyuka, ikiwemo karatasi ya kanuni za darasa. Mwalimu Jilo akaandika nyingine, kwa kalamu nyekundu, juu ya karatasi ya manila, akaibandika juu ya ule mstari kana kwamba maji yangerudi kuitafuta. Kanuni zilikuwa saba. Kusimama mwalimu akiingia, kuinua mkono kabla ya kusema, kucha fupi, mambo hayo. Ya nne ndiyo iliyotutia baridi: lugha za nyumbani mwisho wake ni kwenye lango. Darasa letu lilikuwa na Wapokomo, Waorma, sisi Wagiriama wachache, na Wasomali wawili, na Mwalimu aliamini kwamba bila Kiswahili tungevunjana vichwa. Ili kanuni ya nne ishike, alichonga diski.

Shule nyingine walitumia kipande cha ubao. Yeye aliokota mfupa wa bega la ng'ombe aliyekufa maji, akaukata ukawa duara la ukubwa wa kiganja, akautoboa na kuutia kamba ya ukindu. Ukisikiwa unasema lugha ya kwenu, aliye na diski anakuvika. Nawe unaanza kuwinda, masikio wazi, umpate mwingine wa kumvika kabla ya kengele ya mwisho. Kengele ikilia ukiwa nayo bado, tulisema imekulalia. Unakwenda nayo nyumbani, ukoo mzima unaiona, asubuhi unairudisha na kuchapwa viboko viwili, na jina lako linatiwa alama daftarini. Alama tatu katika muhula mmoja, mzazi anaitwa. Leo nikiwaambia vijana tunaofundisha nao, wananiuliza tulivumiliaje. Mimi sikuvumilia, mimi nilipenda. Tangu ichongwe sikuwahi kuivaa hata mara moja. Nilijua kanuni zote saba kwa mpangilio, na nilikuwa monita.

Na umonita mwaka ule haukuwa cheo cha mchezo. Mashamba yalikuwa yamekwenda na mto, watu walikula chakula cha msaada, na shuleni tulipikiwa uji wa unga wa njano saa nne na mahindi na maharagwe mchana. Aliyeshika upawa ni monita. Nilisimama mbele ya sufuria, mstari mzima ukinitazama mkono, nikichota, nikiamua nani maharagwe yake yatakuwa mengi na nani atakula mahindi matupu. Mwishoni mpishi, Mama Hadija, aliniachia ukoko, nikaukwangua nimechuchumaa nyuma ya jiko. Ufunguo wa kabati la vitabu ulining'inia shingoni mwangu. Daftari la wapiga kelele lilikuwa kwapani mwangu. Niliwahi kumsikia Mwalimu akimwambia Mama Hadija kwamba akiondoka yeye, darasa litabaki salama maadamu Kadzo yupo. Kadzo ndimi. Maneno yale niliyabeba mpaka nyumbani na sikumwambia mtu, nisije nikayapunguza.

Hawo aliletwa wiki ya tatu. Walitoka upande wa Bangale; mifugo yao ilikuwa imekufa kwa ugonjwa uliofuata mvua, karibu yote, na mama yake akamtuma kwa baba yake mdogo hapa kwetu. Alikuwa mrefu kuliko mimi, sare yake ilikuwa ya kuazima na haikumfika magotini, kwa hiyo alivaa suruali ndani yake. Diski ilimlalia wiki hiyo hiyo ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyemweleza, na mimi kama monita ndiye niliyepaswa kumweleza. Baada ya hapo akafunga mdomo. Hakusema. Wengine wakicheka, yeye kimya. Wengine wakisukumana mstarini, yeye amesimama mikono nyuma. Akiulizwa swali, alikwenda ubaoni akaandika jibu, na jibu lilikuwa sawa, shetani mkubwa yule, hasa hesabu. Mimi na wenzangu wote tulijua kwamba anaogopa diski, kwamba hana Kiswahili cha kutosha na kile cha kwao kimepigwa marufuku. Mwalimu Jilo, mtu mwenye akili zake zote, aliitazama hofu ile akaiita nidhamu.

Alianza kwa kumsifu. Mtazameni Hawo. Hawo hajaandikwa kwenye daftari la kelele hata siku moja. Mimi ndiye niliyeandika daftari lile, na sikuweza kumwandika, angepiga kelele gani? Jumatatu moja baada ya gwaride, Mwalimu akanyoosha mkono, akaniambia nimpe ufunguo. Nilidhani anataka chaki. Akauchukua akaenda kumvika Hawo shingoni, akasema darasa linahitaji kiongozi wa vitendo, siyo wa maneno mengi. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, kwa nguvu kuliko wote, mpaka viganja vikawasha. Mchana huo nilisimama mstarini na sahani, na Hawo akanichotea maharagwe mengi, mengi kuliko ya aliyekuwa mbele yangu. Najua alitaka kunipendeza. Nilikwenda nyuma ya choo nikayamwaga yote, mwaka wa njaa, nikayafukia kwa mguu.

Wivu wa mtoto ni kazi ya kutwa. Nilimchunguza anavyoshika kalamu. Nilivuta harufu ya samli kwenye nywele zake nikasema ananuka, halafu nyumbani nikamwomba mama samli ya kupaka. Nilijaribu kunyamaza kama yeye. Nikamaliza asubuhi moja tu, na hakuna aliyegundua. Siku moja kwenye foleni ya bomba nilimkanyaga kidole kwa kisigino makusudi, akamwita mama yake kwa Kiorma kabla hajajizuia, na aliyekuwa na diski alikuwa karibu, kwa sababu nilikuwa nimeangalia kwanza alipo. Ikamlalia mara ya pili. Nilidhani Mwalimu atamvua ufunguo. Alimchapa viboko vyake viwili, akamwambia hata viongozi hujikwaa, akaendelea na somo la jiografia.

Sasa niseme kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Mimi nilijua. Nisingejua, ningekuwa leo na kisingizio. Jioni moja mama alinituma maziwa kwa kina Hawo, maana mke wa baba yake mdogo alikuwa na ng'ombe mmoja aliyepona na ndama wake mwekundu. Nilikaa barazani na chupa yangu nikisubiri, na ndani alikuwako Mwalimu Jilo, anakunywa chai ya maziwa matupu, anazungumza na baba mdogo wa Hawo. Wao wawili hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili, kwa hiyo nilisikia kila neno. Mwalimu alikuwa anamsifu mtoto, anasema anaweza kufika mbali, asirudishwe. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikatai, Mwalimu," akasema. "Yeye akae shule. Lakini mama yake iko peke yake huko, kazi mingi. Siku wewe naniita kwa sababu ya makosa yake, siku moja tu, hiyo imeisha. Yeye narudi Bangale."

Hawo alitoka na maziwa, akanimiminia mpaka yakafurika kidogo, akatabasamu. Ndama alimfuata nyuma akimlamba kiwiko. Nilitembea kurudi nyumbani nikihesabu: alama mbili alizonazo, na moja. Sikufikiria mama yake wala safari ya Bangale. Nilifikiria upawa.

Ili nimvike diski, ilibidi kwanza niwe nayo mimi. Mimi Kadzo, niliyejivunia shingo safi. Ijumaa, mapumziko ya saa nne, nilimkaribia aliyekuwa nayo nikasema Kigiriama kwa sauti ya kutosha. Alinitazama haamini, akanivika mbio kabla sijabadili mawazo. Mfupa ulikuwa baridi, ukinipiga kifuani nikitembea. Baada ya chakula cha mchana, wakati wa hesabu, niliomba ruhusa kwenda chooni. Ndama mwekundu alikuwa anakula majani nje ya uzio kama kila siku. Nikafungua lango, nikamwonyesha maganda ya mahindi niliyoyaficha mfukoni, nikamvuta ndani. Shabaha yangu ilikuwa bustani ya maharagwe ya shule, chini ya dirisha letu. Nilijua Hawo hawezi kumwona mnyama anakosea akanyamaza. Waorma niliowajua wote wangemwinukia mnyama hata wakiwa msikitini. Ndama akasita langoni. Nikambembeleza.

"Ndzoo," nikamwambia, polepole, kwa Kigiriama, kama tunavyoita kwetu. "Ndzoo haha."

Akaja. Nikarudi darasani, nikaketi, nikachukua kalamu. Lakini ndama hakuielewa mipango yangu. Alipita maharagwe akaenda moja kwa moja kwenye nyasi za pembeni ya choo cha zamani, kile kilichodidimia wakati wa mafuriko na kuacha shimo lililofunikwa matawi ya miiba. Miiba ilikuwa imekauka na kupeperuka. Naapa sikulifikiria shimo. Hawo alikuwa ubaoni amemaliza kuandika jibu, akageuka, akaona kupitia dirishani. Akapiga ukelele ambao sitausahau, wa Kiorma, mrefu, wa kuamrisha, sauti ya mtu mwingine kabisa, na ndama akasimama pale pale, mguu mmoja wa mbele ukiwa tayari unamomonyoa udongo. Hawo aliruka dirishani. Tuliona anamzungumzia, anamwendea kwa upande, neno juu ya neno, Kiorma kitupu, miezi yote ya kunyamaza ikimtoka kwa mara moja, mpaka akamshika sikio akamrudisha nje na kufunga lango. Alirudi anahema, anacheka, na darasa zima likapiga makofi. Hata Mwalimu Jilo alikuwa anatabasamu.

Nikasimama. Nikavua diski, nikaishika juu ili wote waione, nikasema kwamba Hawo amevunja kanuni ya nne.

Mtu mmoja nyuma alisema aah, Kadzo, kwa sauti ya kuchoka. Mwalimu aliitazama ile karatasi ya kanuni ukutani, muda mrefu, kana kwamba anatafuta kanuni ya nane. Baadaye nilipokuwa mwalimu mwenyewe ndipo nilipoelewa alichokuwa anatafuta. Akasema, taratibu, kwamba kanuni ni kanuni. Nikaenda nikamvika. Kamba ya diski ikajipinda na kamba ya ufunguo, ikanibidi nizitenganishe, vidole vyangu vikiwa shingoni mwake. Hapo ndipo aliponitazama. Kutoka ubaoni, lango linaonekana vizuri. Hilo sikuwa nimelipima. Aliniona, na dirisha lilikuwa wazi, alinisikia. Nikajua kwamba anajua. Alichotakiwa kufanya ni kunivika mimi, kabla ya kengele, aseme tu alichokisikia. Kulikuwa na saa nzima. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, akamtazama Mwalimu, halafu akaketi mahali pake akiwa ameshika kingo za dawati. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Saa nzima nilisubiri aseme, na kengele ikalia hajasema.

Alikwenda nyumbani na diski, na barua ya kumwita mzazi. Jumatatu hakuja. Jumanne nilipotumwa maziwa, mke wa baba mdogo alinimiminia yeye mwenyewe, kipimo kamili bila tone la ziada, akasema mtoto ameshaondoka na lori la ng'ombe. Diski ilikwenda naye. Mwalimu Jilo hakuchonga nyingine, na kwenye karatasi ya manila alipitisha mstari juu ya kanuni ya nne bila kutueleza kitu. Ufunguo alinirudishia kwa kuuweka juu ya dawati langu, hakunivika. Nikashika upawa tena mpaka mwisho wa mwaka. Mama Hadija alikuwa akiniachia ukoko, nami niliukwangua, na nikimtazama kila anayepita na sahani niliona ananipa shukrani ndogo kuliko aliyompa Hawo. Hata hayupo, alinizidi. Nilimwonea wivu mpaka kwa kuondoka kwake.

Basi sasa Tarasaa. Baada ya maziko watu walirudi chini ya turubai kula, mimi nikabaki kaburini nikirekebisha shada ambalo halikuharibika. Hawo akaja akasimama karibu nami. Tulisalimiana kwa mkono, tukaulizana watoto. Aliniambia alichunga miaka mitatu, kisha akaolewa Kipini na mtu mwema, na huko akajifunza kusoma upya kwenye masomo ya watu wazima, mama wa watoto wawili, amebanwa kwenye dawati la wadogo. Sasa ana duka la vitambaa. Alisema yote bila kunihukumu, na kila neno lilivyokuwa zuri ndivyo nilivyozidi kuumia. Nikasema nilichokuwa nimekibeba. Nikamwambia nilifungua lango mimi. Nikamwambia nilikuwa nimesikia maneno ya baba yake mdogo. Nilitaka anitukane, tumalize.

"Lango nilikuona," akasema. "La baba mdogo sikujua." Akaligusa shada kwa kidole. "Hilo ni zito, dadangu."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Miaka hii yote nilijiambia kwamba alinihurumia, na hata huruma hiyo nilimwonea wivu, kwamba mimi nisingeweza. Alinitazama kwa mshangao, nikadhani atacheka.

"Kukuhurumia? Nilitaka kukutaja. Nilikosa maneno. Ningesema kwa Kiorma, ningezidisha kosa. Saa nzima nilikuwa naitunga ile sentensi, kengele ikanikuta katikati. Nikaimaliza kwenye lori, tumeshafika mbali. Nikawa naisema peke yangu kwa ng'ombe, nisije nikaisahau."

Akafungua mkoba wake. Mfupa ulikuwa umegeuka manjano na kulainika kwa kushikwa, kamba ya ukindu ilishaoza, ametia ya nailoni. Alisema aliuchukua asubuhi ile ya lori akidhani atamrudishia Mwalimu, kama kanuni inavyotaka. Akaligeukia lile tuta la udongo mbichi, mikono nyuma, vile vile alivyokuwa akisimama mstarini.

"Mwalimu," akasema, kwa Kiswahili kisicho na doa, "Kadzo amesema Kigiriama. Nimemsikia akimwita ndama langoni."

Kisha akanigeukia, akasubiri. Niliinamisha kichwa, nikavua mtandio wangu, na akanivika. Vidole vyake vilikuwa na joto. Tukarudi chini ya turubai, watu wakaniangalia kifuani, mmoja akauliza ni urembo gani huo, nikasema ni wa shule. Hawo aliondoka mapema, gari la Kipini halingoji. Mimi nilifika Garsen jua linazama, nikapika, nikasahihisha madaftari, mume wangu akaniuliza mara mbili huo ni mfupa gani, nami nikafungua daftari jingine. Nilikwenda kulala nayo ikiwa shingoni. Imenilalia.